Airisi Zangu na Hewa Isiyo na Adabu

Jumamosi, 4 Mei
Matunguu ya airisi yamefika! Ndiyo yale maua yenye ndevu za manjano ambayo Mke Wangu aliyaona kwenye kalenda, akashusha pumzi. Nimemwahidi ua moja siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Mkunga mstaafu, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta. Eti hayo ni ya nchi za baridi, joto na unyevu wa huku vitayaozesha. Wivu tu.

Jumatatu, 6 Mei
Yanataka baridi? Nimeyalaza kwenye friji, nyuma ya maziwa. Akili ni mali!

Jumanne, 7 Mei
Mke Wangu kadhani ni tangawizi. Nimemkuta ameshamenya moja. Nikapiga yowe. Akauliza tangu lini mtu mzima analilia tangawizi. Friji nimepigwa marufuku.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeyapanda. Mkunga akanishauri nisiyafukie, yaote jua mgongoni, na maji nisiyape ovyo. Nikayafukia vizuri. Nikayanywesha asubuhi na jioni. Adui hapewi sikio.

Alhamisi, 23 Mei
Harufu! Nimefukua: uji mtupu. Limepona moja. Nimelihamishia kwenye chungu chenye changarawe na kuliwashia feni ya chumbani. Mke Wangu anajipepea kwa gazeti, akinikodolea jicho. Jicho hilo nalijua.

Jumamosi, 1 Juni
Kesho ndiyo siku yenyewe. Majani mawili, ua hakuna. Nimetengeneza la karatasi, nikalitia wino wa zambarau na ndevu za uzi. Nimelichomeka chunguni, nje. Hata nyuki angedanganyika.

Jumapili, 2 Juni
Mke Wangu alifurahi hadi akamwita Mkunga alione. Mkunga akainama, akanusa, akanipa hongera kwa sauti ya upole mno. Kumbe ana roho nzuri! Mara mvua. Ua langu likaanza kutiririka zambarau. Mke Wangu akatazama vidole vyangu: zambarau vilevile. Akacheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi, akasema miaka yote hii sijawahi kumchosha. Kisha akalibeba lile tambara la ua, akaliweka dirishani kwa mikono miwili, kama kifaranga. Nilijikuna jicho. Vumbi.

Jumatatu, 3 Juni
Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kosa nimeliona: mvua. Nimekwenda kwa fundi bati kuulizia paa la bustani nzima. Akauliza huko bustanini kumeota nini. Nikamwambia asitangulize mambo, kwanza paa.