Daktari Byron na Mapapai Yenye Risasi

Redio ya Celestine ndiyo iliyomchokoza. Ilikuwa saa nne asubuhi katika soko la Kibuye, na Byron Ouma alikuwa ameegemea meza ya matunda ya mama huyo, akila ndizi ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Mtangazaji akasema kwamba wataalamu wamekuwa wakizunguka kandokando ya ziwa wakipima matunda, udongo wa mashamba na maji ya kunyunyizia, na kwamba mahali pengine wamekuta madini ya sumu, hasa risasi.

Celestine akaduwaa, embe mkononi. "Risasi? Sasa ni nani huyo anapiga matunda risasi?"

"Si ya bunduki, mama. Ni madini. Yanaingia polepole, mtu anakufa huku akisema chakula kilikuwa kitamu."

"Yawa!"

Mtu wa kawaida angesikia habari ile akawafikiria wanawe. Byron aliyafikiria macho ya Celestine, jinsi yalivyopanuka. Alikuwa na miaka thelathini na minane, shati jeupe lililopigwa pasi hata siku ambazo nyumbani hapakuwa na chai, na sauti laini ya mhubiri anayekaribia kupitisha kapu la sadaka. Kazi yake haikuwa na jina. Mwaka juzi aliwauzia wakazi wa Migosi dawa ya kufukuza viboko, katika mtaa ambao kiboko hajawahi kuukanyaga. Mwaka jana aliuza nafasi za kazi katika nchi ambayo jina lake yeye mwenyewe alikuwa akilikosea. Mara zote mbili watu walipanga foleni. Tangu hapo aliwadharau binadamu kwa moyo wote, na kusema kweli, walikuwa wamempa sababu.

Akatupa ganda la ndizi, akavuka kwenda upande wa vyuma kuukuu, akanunua mita ya fundi wa umeme: ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na kitufe cha kuzungusha katikati. Akaipaka rangi nyeupe. Kwa mchinjaji mmoja akanunua koti jeupe, akalifua mara tatu mpaka likaacha kunuka. Alhamisi alirudi sokoni akiwa Daktari Byron.

Siri ya mita ile ilikuwa ndogo. Ukichoma ncha za nyaya zake kwenye tunda, inaonyesha namba. Namba yenyewe haihusiani kabisa na risasi, lakini ni namba, na mtu aliyekwisha kuogopa huiheshimu namba kuliko anavyomheshimu mkwewe. Kisha ukikizungusha kile kitufe kwa kidole gumba, taratibu, namba hupanda au hushuka kadiri ya shida yako.

"Mia tisa na kumi na mbili," Byron akatangaza juu ya papai la Celestine, akakunja uso kama aliyepata habari za msiba.

"Ni mbaya?"

"Mama, hili singempa hata punda."

"Na nusu nimeshauza!" Celestine akashika kichwa. Akatafakari. Kisha akasogea karibu. "Daktari, haiwezi kushuka?"

Ikashuka. Byron alilitumbukiza papai ndani ya ndoo ya maji yenye siki na rangi ya bluu ya keki, akaomba kimya, akachoma tena, na kidole gumba kikafanya kazi yake. Saba. Akabandika stika ya kijani iliyoandikwa SALAMA, HAINA RISASI, akapokea malipo, akasogea meza ya pili ambako tayari walikuwa wanamsubiri.

Kufikia Jumamosi Kibuye nzima ilikuwa ya kijani. Wauzaji walipandisha bei, wanunuzi wakailipa bei hiyo na kujiona watu wenye akili. Mama mmoja alibandikiwa stika kwenye mayai. Mwingine alibandikiwa kwenye vitambaa vya mitumba, na akashukuru. Na katika watu wote waliokuwa wameuza matunda yenye mia tisa na kumi na mbili, hakuna hata mmoja aliyeuliza hali ya wale waliokwisha kuyala. Waliuliza stika ni ngapi, na ukinunua nyingi utapunguziwa vipi.

Jumatatu akaja Jitendra, mwenye kiwanda kidogo cha juisi upande wa viwandani, mtu wa tumbo la heshima na haraka nyingi. Byron akanyanyua mita. Jitendra akairudisha chini kwa kidole kimoja.

"Daktari, mimi sitaki kupimiwa. Mimi nataka stika tu."

Byron akamtazama kwa mapenzi. Ilikuwa kama kukutana na ndugu.

"Na ukipata shamba la mapapai," Jitendra akaendelea, "mapapai ya bei ya chini, yenye stika tayari, niletee. Nachukua yote. Sitauliza yametoka wapi."

Neno hilo lilimkaa Byron kichwani. Kwa nini auze stika mojamoja kama mwuza pipi, wakati angeweza kuwa na shamba zima? Na shamba alilijua. Lilikuwa ng'ambo ya Otonglo, chini kabisa kuelekea ziwani, ekari mbili za mipapai iliyosimama mistari kama wanafunzi paredi. Matunda yalikuwa yameiva, mengine yanadondoka, wala hakuna aliyekuwa akiyachuma. Mwenyewe ni mjane aliyeitwa Seline, aliyekuwa karani wa shule kwa miaka ishirini na sita. Byron akajisemea: karani, tena mjane, tena hajui hata kuchuma mali yake. Mungu ananipenda.

Seline alimkaribisha kwa kiti na maji ya kunywa. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Byron alipima papai, akapima udongo, akapima maji ya mtaro uliopita kando ya shamba, na kila mara kidole gumba kikapandisha namba juu zaidi. Mwisho akaikunja mita polepole, kama mtu anayefunika maiti.

"Mama, keti."

"Nimeketi, daktari."

"Shamba lako lina risasi. Udongo, maji, matunda. Limekwisha."

Seline akavua miwani. "Wuod mama, ndugu yangu, wewe umesoma. Sasa mimi nifanye nini?"

"Usiuze tunda. Usile. Usimwambie mtu, maana utasumbuliwa. Mimi nina taasisi inayotibu udongo mgonjwa. Tunalikodi kwa miaka mitano, tunalitibu, tunakurudishia likiwa zima."

"Na haya mapapai?"

"Tutayaharibu," Byron akasema kwa huzuni, huku akiyahesabu kwa jicho.

"Nyinyi mtakodi udongo wenye sumu? Mnilipe mimi?"

"Taasisi ina huruma, mama."

Seline akafuta macho kwa pindo la leso. Alikubali, ila alikuwa na hofu mbili, hofu ndogondogo za mwanamke asiyejua mambo. Kwanza alitaka kodi ya miaka yote mitano palepale, kwa sababu, alisema, taasisi nyingi huanza na huruma na kumalizia na simu isiyoshikwa. Byron alipiga mahesabu ya mapapai na ya Jitendra, akaona bado ni bei ya kutupa. Aliuza pikipiki yake, akaongeza faida yote ya stika, akalipa.

Hofu ya pili ilikuwa ya karatasi.

"Andika, daktari," Seline akasema, akimsogezea kalamu. "Andika kwamba umepima na umekuta risasi. Andika kwamba unalichukua shamba pamoja na mazao yake na kila shida yake, ukijua hivyo. Nisije kesho nikasumbuliwa na wakubwa wa taasisi."

Byron alitabasamu kwa ndani. Huyu mama anamlilia tapeli amwandikie utapeli vizuri! Akaandika yote, neno kwa neno, hata namba akaiweka. Akagonga muhuri wa Daktari Byron aliokuwa amechongewa na fundi wa viatu. Seline akaisoma karatasi mara mbili, akiifuata kwa kidole, akaikunja.

"Ero kamano, asante sana, daktari. Mungu akulipe."

Kesho yake nyumba ya Seline ilikuwa na kufuli. Byron hakujiuliza. Alihamia kibanda cha shambani, akalinda mali yake kwa siku tatu, na kwa kuwa fedha zote zilikuwa zimeingia kwenye mkataba, alikula mapapai. Asubuhi papai, mchana papai, jioni papai kwa chumvi. Yalikuwa matamu ajabu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama ziwa likimeta, akawaonea huruma watu wanaofanya kazi.

Siku ya nne Jitendra alikuja na lori na makreti. Walikuwa wamejaza kreti la sita, Byron akibandika stika na kupiga mluzi, pikipiki mbili zilipoteremka njiani. Juu ya moja alikuwepo mwanamke mrefu mwenye gambuti miguuni na faili kwapani. Juu ya nyingine, askari wawili wa kaunti waliobanana na dereva.

"Naitwa Nabututu, afisa wa afya," mwanamke akasema. "Mwenye shamba ni nani?"

Byron akanyoosha kola. Alikuwa na karatasi, na mtu mwenye karatasi haogopi faili. "Mimi. Shamba na mazao. Mkataba huu hapa."

"Afadhali," Nabututu akasema, kwa furaha ya kweli kabisa. "Tumehangaika kumpata mtu wa kulibeba jambo hili. Mama Seline alituletea udongo, maji na mapapai miezi minne iliyopita, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Tukapeleka maabara." Akafungua faili. "Risasi. Kila mahali. Juu huko kwenye mtaro kulikuwa na watu wanaovunja betri kuukuu za magari na kuziyeyusha, na uchafu wote ulikuwa unateremka hapa na maji ya kunyunyizia. Tangu siku ile mama hajauza hata tunda moja. Tulimwamuru azike mazao yote na kuzungushia uzio, akasema hana uwezo. Jana alileta ofisini nakala ya karatasi yako. Akasema amempata mtaalamu aliyelichukua kwa hiari, huku akijua."

Ziwa likaendelea kumeta. Byron akageuka kuyatazama maganda ya papai la asubuhi mlangoni pa kibanda.

"Umeyala?" Nabututu akamwuliza, akiutazama uso wake.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Siku tatu."

Jitendra alikuwa ameshapanda lori. Makreti sita yalishushwa kwa kasi ambayo hayakupandishwa nayo. "Afisa, mimi nilikuwa nauliza njia ya Busia tu," akasema kupitia dirishani, na lori likapanda mlima likimwaga vumbi.

Hapo Byron akaiona njia moja. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa njia.

"Madam, kuna kutoelewana hapa. Ile karatasi isikusumbue. Ile mita yangu..."

Aliyaona maneno yaliyokuwa yanafuata yakiwa yamejipanga ulimini. Mita ni ya umeme. Namba ni ya kidole gumba. Udaktari ni wa koti la mchinjaji. Nyuma ya maneno hayo aliiona Kibuye nzima, Celestine mbele, na seli ya polisi ambayo aliifahamu vya kutosha. Na baada ya kuungama yote hayo, risasi ingebaki kuwa risasi, ndani ya shamba lake na ndani ya tumbo lake. Maisha yake yote alikuwa amesema uongo na ukamtii. Huu mmoja ulikuwa umegeuka ukweli mbele ya askari.

"Mita yako imefanya nini?" Nabututu akauliza.

"Imefanya kazi nzuri," Byron akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Shimo liende futi nane, matunda yote yaingie, kisha tutazungumza habari ya uzio. Ukimaliza utakuja kliniki upimwe damu. Askari hawa watakaa na wewe."

Byron akampigia Seline simu huku ameshika jembe. Mwito mmoja tu, ikashikwa. Nyuma ya sauti yake kuku wengi, ambao wiki iliyopita hakuwa nao, walikuwa wanapiga kelele.

"Mama, umeniua! Ulikuwa unajua!"

"Nilijua, daktari," Seline akasema. "Mimi nilijua, ndiyo maana sikuuza. Wewe ulisema unajua, na ungeuza. Sasa chimba." Akakata.

Akachimba. Koti jeupe likawa la matope, viganja vikachubuka, na askari wakakaa kivulini wakizungumza habari za mpira. Kufikia futi ya nne maji yakaanza kuchuruzika kutoka pembeni, kwanza kama jasho, kisha shimo lote likajaa mpaka magotini. Alikuwa amechimba hatua thelathini kutoka ziwani. Nabututu akaja akachungulia.

"Hapana, hapa huwezi kuzika sumu, itarudi yote ziwani. Sogea juu, kule kwenye udongo mkavu, karibu na barabara. Anza upya."

Karibu na barabara ndipo njia ya sokoni Otonglo ilipopita, na ilikuwa siku ya soko. Wanawake walishuka na makarai ya nyanya vichwani, waendesha bodaboda wakapunguza mwendo, na wote wakamwangalia mtu aliyevaa koti la daktari, yuko ndani ya shimo mpaka kiunoni, na nyuma yake mlima wa mapapai mazuri.

Bibi mmoja akatua mzigo wake ili afaidi vizuri.

"Bwana, unachimba nini hapo?"

Byron akanyoosha mgongo taratibu. Akapangusa uso. Sauti ya mhubiri ikamrudia, ingawa ilikuwa imekauka.

"Nafanya utafiti, mama."

"Ehee. Na umepata nini?"

Askari wakaacha habari za mpira, wakageuka wasikilize. Byron akaangalia jembe, akaangalia udongo, kisha akainama akaendelea kuchimba.