Umeshika? Nimeshika

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimefanya uamuzi wa kibiashara. Mzee Abdille wa Kwa Vonza, yule muuza mbuzi, anamwoza binti yake Intisar Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Keki ameagiza kwa mke wangu Ummi. Video bado hajaamua. Nasikia anamfikiria Mwangangi wa mji wa Wote kwa sababu Mwangangi ana droni. Mimi nina studio hapa Kitui, karibu na soko la Kalundu, na nusu ya mji huu nimewapiga picha za pasipoti. Lakini droni sina. Mwangangi hajui hata kuweka mwanga. Inaniuma.

Sasa. Wiki iliyopita Ummi alinipa kadi yake ya benki nimwagizie oveni mtandaoni. Amechoka kuoka kwa sufuria ya mchanga, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Anasema keki ya Intisar ni ya ghorofa tatu na bila oveni ataaibika mbele ya Kwa Vonza nzima. Kadi alinipa mimi kwa sababu ndimi ninayeelewa mambo ya mtandao. Ni kweli.

Hesabu yangu ni hii. Droni inaleta kazi ya harusi, kazi inanunua oveni, oveni inaoka keki ya harusi. Kuna shida ndogo ya kalenda hapo. Nitaifikiria kesho.

Nimeagiza droni kutoka duka la mtandaoni liitwalo Kipepeo Gajeti. Picha ya tangazo ni nzuri ajabu. Mwanga unatoka kushoto, kivuli laini, hakuna vumbi. Nimeihifadhi kwenye simu ili nijifunze. Mtu anayepiga picha namna ile hawezi kuwa mwizi.

Jumanne, 9 Septemba

Kipepeo Gajeti wamepiga simu. Ni mwanaume, amejitambulisha kama Meneja, basi. Akasema simu inarekodiwa kwa ajili ya huduma bora. Nikanyoosha sauti.

Mtandao ulikuwa unakatika kwa sababu nilikuwa chumba cha nyuma, kile chenye mabati pande zote. Nikasikia "ile", halafu "imeisha", halafu kimya, halafu "inayolingana", halafu akaniuliza kama nimeshika. Nikamwambia nimeshika. Mimi humjibu kila mtu hivyo. Ukisema hujashika wanakuona mshamba, halafu wanarudia mambo yote polepole kama unafundishwa kusoma.

Nilitaka sana kujua wako wapi huko Nairobi, jengo gani, wako wangapi. Akanijibu kwamba ofisi yao ni ya mtandao. Nimelifikiria hilo hadi magharibi. Ofisi ya mtandao inafagiliwaje? Meneja anakaa juu ya nini? Kalenda, sikuifikiria.

Alhamisi, 11 Septemba

Imefika! Nimekimbia hadi ofisi ya paseli na kandambili za bafuni. Nzisa, karani wa pale, siku hizi anampiga picha kila mtu na mzigo wake, eti ndiyo sheria mpya, picha inarudishwa kwa aliyetuma. Picha ya kwanza ilikuwa mbaya, dirisha lilikuwa nyuma yangu. Nikamwelekeza asimame upande wa kaunta, nikageuza boksi jina lisomeke, nikainua kidevu, nikatabasamu. Ya pili ikatoka safi. Nzisa akanishukuru kwa Kikamba, muvea kwa somo. Nikamwambia ni bure.

Kisha nikafungua boksi studioni.

Ni ya rangi ya waridi. Inatosha kwenye kiganja. Jicho la kamera ni stika. Nimelikwaruza kwa kucha na likabanduka lote, na nyuma yake kuna plastiki tupu. Nimeiwasha. Ikapanda hadi dari, ikakwama hapo ikilia kama nzi, kisha ikaanguka ndani ya beseni la kunawia.

Nilikaa chini kwa hasira. Halafu nikajiuliza: kitu kidogo vile kinapandaje? Nikachukua kisu cha Ummi cha kupakia krimu, nikaifungua. Ndani kuna mota ndogo nne, nyembamba kuliko penseli, mbili zinazunguka kulia na mbili kushoto. Ndiyo maana haijizungushi yenyewe! Sikujua. Nimefurahi sana kwa muda, kisha nikakumbuka oveni.

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya swala nimepiga simu benki kulalamika. Tatizo ni kwamba kadi ina jina la Ummi, na wanaongea na mwenye kadi tu. Nikakata, nikanywa chai ya tangawizi, nikapiga tena kwa sauti ya Ummi.

Aliyepokea anaitwa Kanini. Ana subira. Aliniita mama tangu mwanzo hadi mwisho, na nadhani nilifanya vizuri. Aliuliza jina la mama wa mwenye kadi, na la mama mkwe wangu nilijua. Ila akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, na hapo nikagundua kwamba mimi, mume wake kwa miaka kumi na moja, sijui. Nikasema mtoto analia. Hatuna mtoto nyumbani, wote wako bwenini.

Jioni nikamuuliza Ummi kama mzaha tu, alizaliwa lini. Akaacha kupepeta unga, akaniangalia, akasema tarehe ishirini na tano Oktoba. Akauliza kwa nini. Nikasema sababu tu. Akacheka peke yake hadi wakati wa kulala, na akanipa kipande cha nyama kutoka sahani yake. Nilijisikia vibaya sana. Nyama nilikula.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepiga tena kama Ummi. Kanini akauliza lalamiko ni la aina gani: mzigo haukufika, au kilichofika ni kitu tofauti. Nikapima. La pili ni kweli, lakini linasikika dogo, na lina maswali mengi. La kwanza ni zito na fupi. Nikasema haukufika kabisa. Akasema nisitupe wala kufungua kitu chochote kitakachofika baadaye. Nikaangalia mezani, mota nne, skrubu na stika. Nikamwambia nimeshika.

Ummi ameuliza oveni itafika lini. Nikasema iko njiani, barabara ya Machakos ina matengenezo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimempigia Meneja kwa nambari nyingine nikijifanya daktari wa Migwani anayetaka droni kumi za hospitali. Nilitaka kuona atafanyaje. Ni fundi kweli! Akachangamka, akasifu hospitali, akaniuliza rangi ninayopenda. Nikamuuliza hiyo picha ya tangazo nani aliipiga. Akasema walipiga wao. Nikamuuliza taa ilikuwa upande gani. Akakata simu.

Kwa hiyo picha ni ya kuibwa. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa droni.

Jumatano, 17 Septemba

Siku mbaya. Benki ilipiga simu saa nne asubuhi, ikapiga nambari ya mwenye kadi. Mwenye kadi alikuwa anakoroga siagi.

Nilimsikia akisema yeye hajawahi kulalamika, na kwamba hana mtoto anayelia. Kisha akaacha kukoroga, akasikiliza. Kanini alikuwa anamweleza majibu ya Kipepeo Gajeti. Wametuma vitu viwili. Cha kwanza ni picha yangu pale kwa Nzisa, nimeshika boksi, jina linasomeka, natabasamu. Kanini alisema ni picha safi kuliko zote walizowahi kuletewa. Cha pili ni sauti yangu ikisema nimeshika. Ushahidi wao wote ni neno moja: picha nimeshika, sauti nimeshika.

Nilitarajia kelele. Ummi hakupiga kelele. Aliweka simu chini, akafuta mikono kwa aproni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama oveni ipo. Nikasema haipo. Akauliza kama lile swali la tarehe ya kuzaliwa lilikuwa la benki. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo macho yalimjaa maji, hapo kwenye swali la pili, si kwenye oveni. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Halafu akanituma makaa magunia mawili na mchanga safi wa mtoni.

Alhamisi, 18 Septemba

Ummi amempigia Kanini mwenyewe na kumweleza kila kitu jinsi kilivyotokea, bila kuongeza. Mzigo ulifika, ila si ule wa tangazo. Nilimtolea ishara kwamba anaharibu kesi. Akanigeuzia mgongo.

Kanini akaomba picha ya tangazo. Kipepeo wameshaifuta mtandaoni, lakini mimi ninayo kwenye simu, kwa sababu ya ule mwanga! Akaomba na picha ya kilichofika. Ummi akanifanya niiunge upya kwanza. Skrubu moja imebaki na sijui ni ya wapi. Inashangaza, maana inaruka bado.

Kuhusu ile rekodi, Kanini aliuliza kama kweli nilikubali kubadilishiwa. Ummi akamjibu kwamba mume wake husema nimeshika hata akitumwa chumvi, na hurudi na kiberiti. Nilimsikia Kanini akicheka hadi nje ya simu. Nadhani si tabia ya kikazi.

Kazi ya video amepewa Mwangangi. Mimi nimepewa kupepea makaa.

Jumapili, 21 Septemba

Keki imetoka! Ghorofa tatu, zote za sufuria, siku mbili za moshi. Nina nyusi moja tu iliyo kamili. Wakati wa kuishusha kwenye gari pale Kwa Vonza, Ummi akaniuliza kama nimeshika. Nikasema nimeshika. Hakusikiliza jibu, aliinama akaangalia vidole vyangu kimoja kimoja, ndipo akaachilia upande wake.

Mwangangi alikuwa ameshatandika droni yake uwanjani, miwani myeusi, mikono kiunoni. Yangu ya waridi ilikuwa mfukoni na niliona aibu kwa niaba yake. Akaja shangazi wa bibi harusi, mama Kowsar, mwanamke mfupi mwenye fimbo. Akamuuliza Mwangangi kwa upole kile kitu kikipanda kinaona wapi. Mwangangi akajisifu kwamba kinaona kila kitu hadi karibu Mutomo. Mama Kowsar akauliza kama kinaona na ng'ambo ya turubai, upande wa wanawake, ambao wamevua mitandio yao na wanacheza. Mwangangi akasema vizuri kabisa, tena rangi zote.

Droni ikarudi kwenye gari. Mzee Abdille mwenyewe aliufunga mlango.

Mimi ni Mwislamu tangu kuzaliwa. Nimekwenda harusi mia. Sikufikiria turubai hata mara moja. Nilimuuliza Ummi kama yeye alijua kwamba droni haingeruhusiwa. Akasema kila mtu anajua. Nikauliza mbona hakuniambia. Akasema sikumuuliza.

Keki ilimalizwa hadi makombo. Wanawake watatu wamechukua nambari ya Ummi.

Jumanne, 14 Oktoba

Benki imeamua. Pesa zimerudi zote. Rekodi ya Meneja ilikuwa na mapengo yale yale niliyoyasikia mimi, kwa hiyo hakuna mahali anaposikika akieleza ni nini kimebadilishwa na nini. Kwa ufupi, yale mabati ya chumba changu cha nyuma ndiyo yaliyoshinda kesi. Nimemwambia Ummi kwamba mkakati wangu umefaulu.

Oveni ameinunua mwenyewe, dukani hapa hapa mjini. Aliufungua mlango, akaingiza mkono, akaiwasha, akagonga pembeni. Muuzaji alichoka. Kadi sasa analala nayo chini ya mto.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimekuwa nikifikiria. Ummi alilia kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa, si kwa sababu ya oveni. Basi cha kurekebisha ni tarehe. Jumamosi nitamshangaza kwa mashine ya kukorogea keki, ile kubwa ya kusimama mezani. Atalia tena, safari hii kwa furaha.

Nimeipata kwa bei ya kutupa kwenye duka jipya liitwalo Nyuki Elektroniki. Picha yao ni nzuri ajabu. Mwanga unatoka kushoto. Kadi sina, lakini nambari zake zote nilishazikariri zamani, na tarehe ya kuzaliwa ya mwenyewe sasa naijua bila kuuliza mtu.

Meneja wao amepiga simu jioni hii. Sauti yake naifahamu vizuri, na hilo limenipa moyo, maana si mgeni kwangu. Nilikuwa chumba cha nyuma. Nikasikia "ile", halafu "imeisha", halafu "inayolingana". Akaniuliza kama nimeshika.

Nikamwambia nimeshika. Alhamisi asubuhi nanyoa ndevu, maana Nzisa atapiga picha.