Pumba Juu ya Dari

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Mama mkwe anakuja Ijumaa kutoka Mhunze, kukaa nasi moja kwa moja. Presha. Daktari amemkataza joto. Chumba hatuna. Nikamwambia mke wangu, Paskalina, kwamba banda la gari litakuwa chumba ndani ya siku tatu. Gari tuliliuza zamani. Akauliza lile bati linalowaka kama kikaango nitalifanyaje. Nikasema aniachie. Sijui nitalifanyaje.

Jumatano, 8
Nimepata! Pumba za mpunga. Mashineni hapa Kahama wanazitupa tu. Unapiga silingi bodi, unamwaga pumba juu, joto la bati linakwama humo. Fundi Maduhu akasema kwanza nizibe matundu ya misumari kwenye bati na kuongeza mbao za dari. Mvua i karibu, na pumba zikilowa ni mzigo. Fundi mwoga. Nikamshukuru, nikamwachisha kazi. Viroba arobaini nimepandisha mwenyewe.

Ijumaa, 10
Mama mkwe amefika. Nikamwamkia kwa mbali, kama inavyompasa mkwe. Akaingia bandani, akatoka, akasema mna ubaridi kama pangoni. Jirani Masudi, mwenye feni tatu, akaja kuchungulia. Nikamweleza kwa kirefu sana.

Jumapili, 12
Mvua ya kwanza. Saa tisa alasiri, mama mkwe kajipumzisha. Nikachungulia dirishani: dari imeota kitambi. Nimwamshe, nikiri? Nikaenda kutafuta mti wa kuiegemeza. Sijaufikia, mshindo.
Kwetu mkwe haingii anapolala mama mkwe. Nilisimama mlangoni. Halafu nikaingia. Nikafukua pumba mbichi kwa mikono, naita mayu, mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mkono ukanishika. Bodi ilikuwa imeegemea kabati, ikamkinga. Paskalina akaja mbio, akampangusa macho. Mama mkwe akakohoa kwa muda mrefu.
“Baba Limi,” akaniambia, “angalau joto lingeniua taratibu.”

Jumanne, 14
Zahanati wamempima, hajaumia. Analala na Paskalina chumbani kwetu. Mimi nipo bandani. Maduhu amekuja kuziba matundu. Paskalina kamwita bila kuniuliza. Haniulizi chochote tangu Jumapili.
Nimewaza sana. Kosa nimelipata: pumba. Zinakunywa maji. Kumbe Mhunze kuna mabaki ya pamba, viroba kwa viroba. Pamba ni nyepesi, kila mtu anajua. Jumapili, wakiwa kanisani, naanza na dari ya chumba chetu.