Uzinduzi wa Daraja la Lunyele

Jumanne, 23 Aprili 2024. Asubuhi ukungu mzito hadi saa tatu, kisha jua dogo. Mawingu meusi upande wa milimani.

Leo limezinduliwa daraja letu la mto Lunyele. Lile la zamani lilichukuliwa na maji mwezi Februari, mlima ulipoporomoka, na tangu hapo anayetaka kwenda zahanati, sokoni au barabarani hana budi kubebwa mgongoni. Hatukupoteza mtu. Ila kijiji kizima kinajua kwamba Hilda, mkwe wa Mama Hildegardi, anajifungua mwezi ujao, na zahanati iko ng'ambo.

Mwenyekiti aliniagiza niandike muhtasari wa hotuba ya Bwana Nicholaus Bartholomayo, Mratibu wa Mradi. Nimeshindwa kuifupisha. Nimeiandika yote, pamoja na maneno ya watu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, mliopo hapa na mliokwama ng'ambo, Baba Paroko, kwa uwakilishi wa katekista wake, Shehe, kwa uwakilishi wa Bwana Masoudi mwenye duka, ambaye pia ndiye mwenye utepe, wazee maarufu, wazee wasio maarufu, mwakilishi wa jumuiya ya kimataifa, Madamu Birgit, aliyetoka Ulaya hadi hapa kijijini Lihutila bila kulalamika (Madamu Birgit anainuka, anasema: "Asante sana." Makofi), wanahabari, kama wapo, wananchi wa kawaida, na ninyi wananchi waathirika ambao ndio wenye shughuli, itifaki imezingatiwa.

(Mama Hildegardi: "Shughuli ipi, baba? Daraja liko wapi?")

Mama, ninakuja huko. Ndugu zangu, taarifa ya maafa ilipotufikia, ofisi yangu haikulala. Tulikaa kikao cha dharura siku ileile, yaani baada ya wiki mbili, tukaunda kamati ya tathmini ya awali, ambayo kwa kuzingatia unyeti wa jambo lenyewe ilipendekeza iundwe kamati ya tathmini ya kina, ambayo nayo, kwa weledi mkubwa na posho ndogo, ilibaini kwamba maji yalikuwa mengi. (Kicheko.) Msicheke. Wapo waliodhani ni mvua. Sisi tulibaini kwamba mvua ikishafika chini inakuwa maji, na hapo ndipo mipango yote ilipoanzia.

Tukaenda Songea kwenye semina ya dizasta manejimenti, tukajengewa uwezo, tukajengeana uwezo, na wale ambao uwezo wao haukujengeka vizuri wakaongezewa siku mbili za kukaa hotelini. Leo ninasimama mbele yenu kifua mbele kuwatangazia kwamba ustahimilivu wenu umepanda na kufikia asilimia mia moja na arobaini, jambo ambalo ni ongezeko kubwa sana ukilinganisha na wakati ule ambao hatukuwa tumeupima. (Makofi machache, mbwa anabweka.)

Tazameni mlima ule. Mnaona yale mashimo yaliyopangwa mteremko mzima kama sega la nyuki? Nimemweleza Madamu njiani kwamba ile ni teknolojia ya kisasa ya kukamata maji na kuzuia udongo usishuke, na kwamba pale penye mashimo hapakuporomoka hata donge moja la udongo, na kwamba huo ndio utekelezaji wa mradi wetu, awamu ya kwanza.

(Mama Hildegardi: "Zile ni ngolo, baba. Nimechimba mimi na marehemu mama mkwe wangu. Humo mna maharage yangu.")

Mmesikia wenyewe. Huo ndio ushirikishwaji wa jamii. Jamii bora ni ile inayoshirikishwa hata kabla mradi haujafika. (Watu wanampa Mama Hildegardi mkono na kumpongeza kwa kushirikishwa.)

Sasa, daraja. Barua yenu ninayo, imeandikwa kwa mwandiko mzuri: 'Tunaomba mtusaidie lipatikane daraja.' Tuliisoma kikaoni, tukaitafakari kwa mapana yake, na nina furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba daraja limepatikana. (Vigelegele.) Kuanzia mwezi uliopita, mimi mwenyewe nimepanda daraja. (Vigelegele vinakatika.) Dereva wangu, yule mnayemwona ng'ambo pamoja na gari, naye amepanda daraja. Na yupo mhudumu wetu wa masjala, mama mchapakazi sana, aliyekuwa amesahaulika kwenye daraja lilelile tangu aajiriwe. Kwa ajili ya barua yenu, ndugu zangu, yule mama amepanda madaraja mawili kwa mpigo. Alilia. Amenituma niwasalimie.

(Othmar, kijana wa kuvusha watu: "Mheshimiwa, sisi tuliomba la kuvukia.")

Kijana, hilo mngeliandika. Kiswahili ni kipana. Lakini tufikiri kisayansi: mtumishi ambaye yeye mwenyewe hajapanda daraja atawezaje kujenga daraja? Kwanza daraja la mtu, ndipo lije daraja la mto.

(Mzee mmoja nyuma: "Na la mto lini?")

Lipo katika mchakato.

(Mama Hildegardi: "Hata mkwe wangu yupo katika mchakato, baba. Mwezi ujao. Kati ya mchakato wako na wake, upi utawahi?")

(Kicheko kirefu. Hilda anajifunika uso kwa kitenge. Mzungumzaji anaomba maji ya kunywa.)

Mama, swali lako ni zuri, na nimelipokea. Nimelipokea kwa mikono miwili. Litaingia kwenye andiko la mradi. Sasa wapo watakaouliza, kama daraja lipo katika mchakato, leo tunazindua nini? Hilo ni swali la kitaalamu. Leo tunazindua mahali. Hakuna daraja lolote duniani lisilokuwa na mahali. Pale ukingoni, kati ya zile fito mbili zilizofungwa utepe mwekundu, pamebainishwa, pamepimwa kwa macho na kukubalika kwamba ndipo.

(Masoudi: "Mheshimiwa, utepe ni wa kuazima. Tulikubaliana haukatwi.")

Hautakatwa. Tutafungua fundo, kwa heshima zote. Na sasa tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema 'Daraja', ninyi mnasema 'Lipo'. Daraja!

("Lipo wapi?")

Msiongeze neno. Nikisema 'Maafa', mnasema 'Ni fursa'. Maafa!

("Ni ya nani?")

Inatosha, mna ari kubwa. Kwa kumalizia nitoe shukrani. Namshukuru Othmar na mwenzake Ignatio, walionibeba mgongoni asubuhi kunivusha mto, nikafika kuzindua daraja nikiwa mkavu kuanzia magotini kwenda juu. Namshukuru Madamu Birgit, ambaye hadi jana mchana tulikuwa hatujuani. Nilimkuta stendi ya Mbinga akiulizia gari la Liuli, aende kuogelea ziwani, nikamsihi aje kwanza akae hapa mbele, kwa maana mradi usio na mgeni hauonekani. (Madamu Birgit: "Asante sana.") Na kwa namna ya pekee namshukuru mfadhili wa mradi huu, popote alipo na yeyote atakayekuwa, kwa kuwa andiko la kumwomba fedha tutaanza kuliandika wiki ijayo, na picha za leo, ndugu zangu, ndizo zitakazopamba jalada lake. Asanteni kwa kunisi..."

(Othmar: "Mheshimiwa, hebu geuka nyuma.")

Mvua iliyokuwa milimani tangu asubuhi ilikuwa imetufikia kwa njia ya mto. Maji ya kahawia yalipanda ukingo pole pole, kama mgeni anayetafuta kiti, yakazing'oa zile fito mbili, na utepe ukaondoka nazo ukipepea kuelekea Ziwa Nyasa. Masoudi alivua kofia.

"Limeshazinduliwa," akasema yule mzee wa nyuma.

"Othmar, mwanangu," Bwana Nicholaus akasema, "tuwahi."

"Kwa maji haya simbebi hata baba yangu mzazi," Othmar akamjibu. "Lakini wewe una bahati, Mheshimiwa. Daraja lipo."

Hotuba iliishia hapo. Dereva aliwasha taa za gari kule ng'ambo, akapiga honi mara mbili, akaondoka. Wageni wote wawili wamepokewa na Mama Hildegardi. Madamu Birgit amemenya ndizi pamoja na Hilda, hawaelewani hata neno moja na wanacheka muda wote. Bwana Nicholaus amekula ugali na maharage ya kwenye mashimo yake ya kisasa, akaomba aongezwe.

Katikati ya chakula akauliza, bila sauti ile ya mkutanoni, "Mama, sasa mtu akiugua hapa mto ukiwa hivi, mnavukaje?"

"Hatuvuki, baba."

Aliacha kutafuna. Alimtazama Hilda, kisha akatazama mlango uliokuwa wazi kuelekea mtoni.

"Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Mama Hildegardi akaendelea. "Lakini wewe umepanda daraja, jembe lako tunakupa kesho."

Maji yakishuka, wanaume wataangusha mikaratusi ya Mwenyekiti na kuilaza pale palipokubalika. Bwana Nicholaus ameuliza yeye atabeba wapi. Othmar amemwambia upande wa shina, kulingana na daraja lake. Hilda alicheka hadi akashika tumbo, sote tukageuka kumtazama.

"Bado," akasema. "Kateni miti kwanza."

Mto bado unanguruma. Sasa ni saa nne na nusu usiku, ninalala.