Pembe Ilipolia, Mashine Ikazimwa

Jumatatu, 1 Septemba 2003

Leo nimeweka kompyuta ndani ya kompyuta. Peke yangu, bila kusaidiwa.

Si kweli. Nimefuta vumbi, nikasoma karatasi ya maelekezo mpaka nukta ya kwanza.

Nia ninayo lakini. Jumamosi kamati ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, inachagua mtu wa kupanga zamu: mimi na mashine, au Eliufoo mwenye duka na kauntabuku lake. Mpangaji hajipangi mkiani. Vitunguu vyangu viko mkiani mwa mfereji na vimeanza kulala kama walevi.

Orodha ya zamu imo kwenye kompyuta ya chama chetu cha wakulima. Programu yake aliitengeneza bwana shamba kwa Windows, kisha akahamishwa. Virusi vikaingia, Lukia, karani wa usharika, akatuwekea Linux badala ya Windows. Virusi vimekwisha, ila programu ya bwana shamba haifunguki tena. Lukia anasema dawa ipo: kuweka programu ya kuigiza mashine nyingine ndani ya hii, na humo ndani ndimo tutie Windows. Ila maandalizi kwanza. Nikamwambia maandalizi nayajua tangu kwenye mitambo ya mkonge, kabla shamba halijauzwa tukapunguzwa. Akauliza kule nilikuwa nafanya kazi gani. Nikatazama milima.

Jumanne, 2 Septemba

Nukta ya kwanza: kumbukumbu ya mashine itoshe. Haitoshi. Lukia anasema mashine mbili zitakula sahani moja, na sahani yenyewe ni ya mtoto.

Nikampelekea perege wakavu wanne wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Akasema yeye hahongeki, babu asijisumbue. Akawapokea. Akachomoa kipande cha kumbukumbu kwenye kompyuta ya usharika, kwa kuazima, mwisho Jumapili.

Raheli, mke wangu, ameuliza perege wake wameogelea kwenda wapi.

Jumatano, 3 Septemba

Nukta ya pili: kunakili orodha ya zamu kwenye disketi kabla ya kugusa chochote.

Disketi zinauzwa duka moja tu hapa. La Eliufoo. Tangu biashara iwe huria anauza kila kitu kuanzia ndala. Nikafika mlangoni. Akauliza kama mhandisi anahitaji kitu. Nikasema napita tu.

Nukta ya pili nimeitia alama ya vema. Lukia hakuuliza.

Alhamisi, 4 Septemba

Nukta ya tatu ndiyo mlima. Linux ina kiini, na programu mpya hujishonea kwenye kiini hicho. Kwa hiyo kiini na mafaili yake lazima viwe na namba moja, kama koti na suruali ya suti. Vyetu ni mitumba: koti namba hii, suruali namba ile.

Kesho Lukia ataunda kiini upya. Kazi ya asubuhi nzima, na ameonya umeme usikatwe hata kidogo.

Eliufoo alisimama dirishani pa ofisi ya chama, akiuliza kama maharage tuliyotia kwenye mashine yameiva.

Ijumaa, 5 Septemba

Saa mbili Lukia akaianzisha kazi, akaenda ofisini kwake. Maandishi yanatiririka. Saa tatu Eliufoo dirishani tena, sasa na wajumbe wawili wa kamati. Wanacheka.

Nikatokea mlango wa nyuma. Nikamwambia Gideoni, mpuliza pembe, kwamba mfereji umebomoka kule juu. Pembe ikalia. Wote wakakimbilia majembe. Nikarudi kukaa. Akili ninazo.

Akaingia Iddi, mlinzi. Iddi alitoka Kondoa kufuata mkonge, na desturi zetu anazishika kuliko sisi tuliozaliwa nazo. Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikilia, hakuna jiko, duka wala ofisi inayoendelea. Kila mtu mferejini. Asiyekwenda hutozwa mbuzi. Nikamwambia mashine haina miguu. Akasema sheria ni sheria, mzee, akashusha swichi kuu. Akanipa jembe.

Mfereji ulikuwa mzima. Kamati ikasema maadamu tumeshafika, tuzoe tope. Nimezoa mpaka saa kumi, Eliufoo pembeni yangu akiimba.

Jumamosi, 6 Septemba

Mashine inawaka nusu, inakwama. Lukia ameipekua: diski imevurugika, orodha ya zamu haipo. Akaomba disketi ya nukta ya pili. Nikakohoa. Akachomoa kumbukumbu yake.

Kamati imemchagua Eliufoo. Wamesema kauntabuku halihitaji umeme. Zamu yangu: Jumapili, saa ya ibada, nikiwa wa mwisho.

Jioni Lukia amelegea. Ataanza maandalizi upya Jumatano, kwa masharti mawili: ninunue disketi, na nitulie. Kwa yule mtu sinunui kitu. Na kosa lilikuwa moja tu, lile dirisha na wachekaji wake. Nimemwandikia Gideoni karatasi:

“Ndugu Gideoni, salaam. Mwaka juzi nilikubebea mlango wa nyumba yako kichwani kutoka Hedaru, na sijawahi kukukumbusha. Jumatano saa tatu asubuhi nipulizie pembe. Mara moja tu, na iwe fupi, Iddi asisikie.”