Kodi Juu ya Stempu

Jumanne, 1 Julai 1986

Parseli imefika! Nozeli ya injini ya mashine yangu ya kusaga iko posta Mbulu, imetumwa na mdogo wangu Sista Zita aliyeko Ujerumani. Imechelewa kweli. Mashine imelala wiki tatu, na huu ndio msimu. Watu wanashuka kwenye malori na ngano waliyookota nyuma ya kombaini za mashamba ya serikali kule Basotu, wanapita na magunia mbele ya mlango wangu, wanakwenda kwa Nikolausi. Nikolausi asiyejua hata kubadilisha chekeche!

Nikaenda posta mbio. Kornelia wa dirishani akaniamkia, akangoja nimwitikie vizuri, ndipo akanisomea. Ushuru. Halafu kodi ya mauzo. Na kodi hiyo haikupigwa juu ya bei ya nozeli peke yake. Imepigwa juu ya bei, juu ya gharama ya kuisafirisha, na juu ya ushuru wenyewe. Kodi imepanda mgongoni mwa kodi! Nikamwambia safari si bidhaa, hakuna anayeitia mfukoni akaiuza. Akaniuliza, "Kwani Baba Natalia, nozeli ilitembea yenyewe?"

Shilingi mia nne na ishirini. Ninazo. Silipi.

Jumatano, 2 Julai

Usingizi haukuja. Kwa hesabu yangu, mia na arobaini kati ya hizo zinatokana na stempu tu, yaani ile gharama ya kusafirisha. Nalipia hewa aliyopita rubani.

Nimerudi posta na hoja safi: stempu nawaachia, sina kazi nazo, wazitoe kwenye hesabu. Kornelia akasema karatasi imetoka forodha Arusha, yeye kazi yake kupokea fedha. Akaongeza kwamba parseli ikiendelea kukaa italipiwa ghala. Foleni ikacheka. Mmoja akanishauri nizibandue stempu nikazipande shamba la kule kijijini Daudi, huenda zikaota. Sikugeuka kumtazama.

Mke wangu Perpetua anasema mashine ikisaga siku moja tu, kodi yote imerudi. Najua. Hesabu hiyo nilimfundisha mimi. Ninachotetea ni haki.

Ijumaa, 4 Julai

Gidahosh, mfugaji wa upande wa Hanang, alikuja kutafuta pumba za ndama wake. Pumba hakuna. Lakini aliniachia neno. Anasema mapadre hupokea makasha kutoka ng'ambo na hajawahi kuwaona wakilipa, kwa sababu ni zawadi.

Zawadi! Zita si mtawa? Basi nozeli ni zawadi. Ni kweli nilimpa mama yetu mtamba mmoja kwa niaba ya Zita ili kuilipia nozeli. Lakini mtamba huyo hakupanda ndege, forodha watamjulia wapi?

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Posta imefungwa. Nimeizunguka mashine kutwa kama mbwa aliyefungiwa nje. Kwa Nikolausi injini inasikika mpaka huku Endagikot, nadhani amegeuza bomba la moshi makusudi.

Jioni nilikwenda kwa baba mkubwa Margwe, mzee wa ukoo wetu. Nahitaji shahidi mwenye mvi. Akakubali upesi. Aliuliza tu nitatamka maneno gani.

Jumanne, 8 Julai

Nilivaa koti. Margwe alikuja na wazee wengine wawili, sikuwaita. Uzuri zaidi, nikawaza. Nikasema kwa sauti ya kanisani, foleni nzima isikie, kwamba hii si mali ya biashara, ni zawadi ya binti yetu kwa ukoo wote, mimi ni wa kuipokea tu.

Kornelia alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ingekuwa fulana na rozari angeuliza Arusha. Spea ya mashine ya kusaga inalipiwa, iwe ya ukoo, iwe ya askofu. Na ghala imeanza kuhesabiwa tangu Ijumaa.

Nikalipa. Mia nne na sitini na tano! Nilizihesabu noti mara mbili kwa hasira, si kwa umaskini.

Nje Margwe akanishika bega. "Mwanangu, umesema mbele ya serikali na mbele yetu. Kitu cha ukoo hakimtozi mtu wa ukoo."

Nikacheka. Wazee hawakucheka.

Jumatano, 9 Julai

Inanguruma! Foleni imefika barabarani. Wote ni ukoo wetu. Sikujua tumezaana hivi. Bura, ambaye miaka yote ni mtu wa Nikolausi, leo amenitajia babu zake mmoja mmoja mpaka akanifikia. Wateja wa kulipa waliona foleni, wakageuza punda.

Kuwafukuza siwezi. Neno ulilolitamka mbele ya wazee watatu huwezi kulimeza tena. Ukijaribu, siku ya msiba utachimba kaburi peke yako. Nimesaga bure mpaka dizeli ikakauka. Perpetua yuko na ungo. Anapepeta tu.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepata dawa! Kama nozeli ni ya ukoo, kodi yake ni ya ukoo. Alfajiri nilikuwa kwa Margwe. Shikamoo, kisha hesabu: ushuru, kodi ya mauzo pamoja na ile ya stempu, ghala. Hakubisha hata senti. Wakachanga kaya kwa kaya, noti, sarafu, na palipopungua wakaongeza kuku. Margwe akaniuliza mara mbili mbele ya wote kama nozeli imebaki na deni lolote kwangu. Nikajibu hakuna, wamemaliza. Pombe ya asali ikamwagwa chini kidogo, wazee wakaniombea baraka.

Nimerudishiwa kila senti! Nikolausi hajawahi kuulipisha ukoo kodi ya mauzo.

Kesho wanakuja tukae tuzungumze mashine yangu itaulipa ukoo kiasi gani kwa kutumia nozeli yao. Nimewaambia waje asubuhi na mapema, kabla akili zao hazijaamka. Kwenye hesabu hawaniwezi.