Laptop Iliyojaa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Sijamwambia mtu yeyote: sijawahi kuwasha kompyuta. Shuleni ilikuwepo moja, ofisini kwa mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sisi tulichora zetu kwenye madaftari. Yangu ilisifiwa. Sasa nimechaguliwa chuo, sayansi ya kompyuta! Baba ameuza maksai, mmoja kati ya wawili wa kulimia. Alhamisi anakuja kutoka kijijini Hasamba tununue laptop hapa Tunduma. Nimemwambia laptop nazijua zote.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango: kujifanya mteja. Duka la Habibu, karibu na stendi. Habibu akauliza, dada unataka RAM ngapi. Nikasema ya kawaida tu. Akaniambia niwashe mwenyewe, nijaribu. Nikapapasa pembeni, kama simu. Nikapapasa na chini. Nikasema betri imekwisha. Habibu akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe kimoja, ikawaka. Nimetoka bila kuaga. Aibu!

Jumatano, 8 Oktoba

Balaa. Jenista, binti wa shangazi ninayekaa kwake, yuko mwaka wa pili, fani hiyohiyo. Amejitolea kutusindikiza dukani. Huyu ataniumbua mbele ya Baba! Nikamdanganya Jenista kwamba Baba ameahirisha, anakuja Jumamosi. Akaamini. Akili yangu wakati mwingine naiogopa mwenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Baba kaja na suti ya kanisani. Jenista yuko sokoni, safi. Dukani Baba akapima laptop kama anavyopima kahawa: ananyanyua, anasikilizia uzito kiganjani, anarudisha. Nyembamba akaiita makapi. Nyeusi nene ikamfurahisha. Hii imejaa, akasema. Habibu akamwambia, mzee wangu, hiyo ya zamani, betri imekufa, itamtesa binti chuoni. Baba akacheka: ninyi wafanyabiashara mnasukuma makapi kwanza. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, msomi ni wewe. Sema." Habibu naye akanitazama, kama ananiomba.

Nikasema nene.

Baba akaipakata mpaka nyumbani kwa shangazi kama mtoto aliyetoka kliniki. Risiti akaitia mfukoni, akarudi Hasamba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jenista kaiona laptop, kajua Baba alishakuja. Kaiwasha. Inanguruma kama mashine ya kusaga. Imegoma kufungua hata programu ya kwanza ya chuo. Nilitegemea matusi, hakunitukana. Hilo ndilo limeniuma. Akasema Habibu muungwana, atabadilisha, na ile nyembamba bado ipo. Ila risiti anayo Baba. Akasema nimpigie, nimwambie tu kwamba sikujua.

Nikapiga nikiwa nje. Baba akapokea anahema. Yuko shambani na Mama, wameanza mapema kwa jembe la mkono, maana maksai mmoja havuti plau. Akauliza, mashine inaendaje? Nilifungua mdomo niseme. Kweli nilifungua!

Nikasema inakimbia sana.

Nikamsikia akimweleza Mama. Mama akapiga vigelegele hukohuko shambani. Baba akaendelea: kanisani wamechanga, wanataka kompyuta ya ofisi ya mchungaji, na wazee wamekubaliana mchaguaji niwe mimi. Wanakuja Jumatatu. Nikasema waje tu, hizo nazijua zote.

Jenista nimemwambia Baba hapatikani, mtandao mbovu.

Unayejua yote ni wewe tu, shajara. Nakuomba sana, usimwambie mtu. Hasa wazee wa kanisa.